Mtu Aliyesimama Nyuma ya Mama Bukuru

Niliajiriwa kama daktilo. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa ofisi, walionisihi niandike kurasa hizi kabla sijasahau, wanadhani nilisomea kazi ya kutambua watu kwenye picha za zamani. Sikuisomea. Hakuna aliyeisomea. Nilijua kupiga mashini kwa vidole kumi, nilijua Kifaransa cha barua, na nilikuwa nakaa Kinanira, hapa Bujumbura, mwendo wa dakika kumi kwa mguu mpaka ofisini. Katika mwaka ule wa pili wa vita, sifa ya tatu ndiyo iliyonipatia kazi. Siku za mji kufungwa, mawe yakiwa yamepangwa barabarani na hakuna gari linalothubutu kupita, mtu aliyeweza kufika kwa miguu alikuwa na thamani kuliko mwenye diploma.

Ofisi yetu ilishughulika na jamaa waliopotezana. Ilikuwa katika nyumba ya kukodi. Wakubwa walikaa sebuleni, na sisi wa picha tukapewa garaji. Sakafu ilikuwa bado inanuka oili. Tulikuwa na meza mbili, taa moja ya shingo ndefu, lupu ya kukuzia, na masanduku ya mbao yaliyojaa kadi ngumu tulizoziita fishi. Kila picha ilikuwa na fishi yake, na kila mtu kwenye picha alikuwa na mstari wake kwenye fishi. Mistari mingi ilikuwa tupu. Kuijaza ndiyo ilikuwa kazi.

Siku ya kwanza sikupiga hata herufi moja. Aliyenipokea ni Mzee Kasimu, mpiga picha wa Buyenzi ambaye studio yake ilikuwa imeteketea miezi michache kabla. Ofisi ilimchukua kwa sababu alizijua karatasi za picha, mapazia ya studio na mikono ya wapiga picha wote wa mji, walio hai na waliokufa. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia safi na hasira ya karibu. Alinipa picha moja, akaniambia niitazame mpaka saa sita. Saa sita ilipofika akaja.

“Umeona nini?”

“Baba, mama na watoto watatu.”

“Apana. Umeona mwanaume, mwanamuke na watoto watatu. Baba na mama, njo we umeongeza.”

Akaniambia niitazame tena mpaka saa tisa.

Msije mkadhani tulikuwa tunaandika historia. Watu walishuka kutoka milimani na kile walichowahi kushika: sufuria, kitabu cha sala, mbuzi, picha. Mtoto akiletwa na picha moja ndani ya nguo yake, picha hiyo ndiyo ilikuwa etasivili yake, yaani vyeti vyake vyote. Ukijua bibi aliyekaa katikati ni nani, unajua kilima cha kwao. Ukijua kilima, unajua pa kuuliza. Na ukiuliza vizuri, huenda yuko baba mdogo aliye hai katika kambi fulani, anayedhani watoto wa kaka yake wamekwisha wote.

Kwetu, kama mjuavyo, ndugu wa tumbo moja hawachangii jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake, kufuatana na jinsi baba alivyoamka siku ile: mmoja anaitwa Mungu ndiye mtoaji, mdogo wake anaitwa majirani wananichukia. Mtaalamu mmoja aliyetumwa kutoka ng’ambo alitutengenezea fomu nzuri yenye nafasi kubwa ya jina la familia. Tulizitumia upande wa nyuma. Sisi tuliuliza jina la baba, jina la kilima, na nani alimuoa nani. Swali moja hatukuliuliza kamwe, hilo ambalo lilikuwa likiulizwa barabarani kwenye vizuizi. Tuliona limekwisha kuulizwa vya kutosha.

Lakini yako majina ambayo yana hesabu ndani yake. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani ni wa nane. Pacha ni Bukuru na Butoyi, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Mtu akikutajia jina lake kwamba ni Ciza, amekwisha kukuambia kwamba kuna wawili waliomtangulia, hata kama yeye mwenyewe hawajui.

Kosa langu kubwa nililifanya katika mwaka wangu wa pili wa kazi. Tulikuwa na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi na picha ya mwanaume aliyempakata. Nilikuwa nimefuata fishi moja hadi nyingine, nikajiridhisha kwamba mwanaume yule ni mtoto wa bibi mmoja aliyekuwa katika kambi ya waliohama makwao. Nikaenda. Nikamwonyesha picha, na kwa kuwa nilikuwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo, nikamwambia, “Bibi, huyu si Jerivazi?” Bibi akaisogeza picha karibu na macho, akaanza kulia, akasema ndiye. Tukampelekea mtoto.

Baada ya wiki mbili akaja ofisini mjomba halisi wa mtoto yule, ana picha ya pili ya mwanaume yuleyule, na majina yote kichwani. Ilinibidi nirudi kambini kumchukua mtoto, ambaye sasa alikuwa amezoea kulala kifuani kwa bibi. Nilimuuliza bibi kama hakuona kwamba si mwanawe. Akajibu bila kunionea aibu, “Niliona siku ileile, mwanangu. Lakini ulinitajia jina lake. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyelitaja.”

Nilipofika garajini nilieleza yote. Mzee Kasimu hakunikaripia, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema tu, “Sasa unajua. Picha unaweka kwa meza, kinywa unaweka mufukoni.” Tangu siku ile nilionyesha picha nikiwa kimya. Kukaa kimya mbele ya mtu anayetafuta ndugu ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri. Wengi wenu mnaishindwa, nimewasikia.

Ikaja miaka ya vikwazo vya biashara. Petroli ilikauka, karatasi ilikauka, balbu ya taa yetu iliungua tukakaa bila nyingine mpaka msimu ukageuka. Tulifanya kazi mlango wa garaji ukiwa wazi, meza imesogezwa kufuata jua. Lupu ilianguka ikavunjika. Mzee Kasimu akaleta chupa nyeupe ya maji, akanionyesha jinsi ya kuilaza juu ya picha, na nyuso zikawa kubwa. Nilizoea chupa ile hivi kwamba tulipoletewa lupu mpya niliiona ngeni. Nilijifunza pia kutazama vitu ambavyo watu hawavijali. Uso unazeeka na kubadilika, lakini kiti ni kilekile. Ukuta ni uleule. Kitenge kina mwaka wake, na mama aliyekinunua hukikumbuka kuliko anavyokumbuka siku ya harusi.

Sasa nifike kwa Ciza.

Alikuja vita ikielekea mwisho, asubuhi, akiwa amefuatana na wanawake wawili ambao hawakutazamana. Yeye alikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, fundi wa kushona, mikono imetulia. Upande wa kulia alikaa Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, muuza samaki wa ndagala, aliyemlea. Upande wa kushoto alikaa Mama Deo wa Ruziba, mjane, mkulima wa mboga kando ya ziwa, ambaye mwanawe Deo alikuwa amekwisha kumchumbia Ciza. Deo mwenyewe, fundi wa magari, alibaki langoni. Alisema hawezi kukaa chumba kimoja na swali lile.

Ciza aliweka picha mezani. Hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho alipovuka mto Ruzizi akiwa na miaka sita hivi, katika wiki za kwanza za vita. Mama yake na ndugu zake hawakuvuka. Mama Furaha alimkuta upande wa pili, amekaa juu ya magunia ya watu, akamchukua. Mtoto alijua vitu viwili tu: kwamba anaitwa Ciza, na kwamba watu walimwita mama yake Mama Bukuru. Baba hakumjua kabisa. Alikuwa amefariki kabla yeye hajaanza kutembea.

“Lakini baba yangu huyu hapa,” akasema, akiweka kidole juu ya mwanaume mwenye koti, aliyesimama nyuma ya mwanamke aliyekaa.

“Nani alikuambia?” Mzee Kasimu akauliza.

“Ni miye,” Mama Furaha akajibu. “Mutoto alikuwa analia kila siku anataka kujua baba. Niliangalia foto, nikaona mwanaume amesimama nyuma ya mama yake. Nikamwambia, njo huyu.”

Ndipo Mama Deo akafungua mkoba wake, akatoa picha ndogo ya studio, akaiweka kando ya ile ya kwanza. Ilikuwa ya mwanaume yuleyule. Hata mimi, niliyezoea kutilia shaka, sikuhitaji lupu.

“Huyu ni bwana yangu, Mwalimu Paskali,” akasema. “Amekufa mbele ya vita kuanza, kwa ugonjwa. Ile koti, mufuko wake mi mwenyewe nilishona, ona umeenda upande. Alifundisha huko milimani miaka mine. Nyumbani alikuwa anarudi likizo tu. Binti huyu amekuja kwangu kunisalimia, ananionyesha wazazi wake, na mi naona bwana yangu amesimama nyuma ya mwanamuke mwenye watoto.”

Hakuna aliyemalizia sentensi, kwa hiyo aliimalizia mwenyewe.

“Munitafutie ukweli. Kama ni mutoto wake, nitamupokea kama mutoto wangu, sitamufukuza. Lakini hawezi kuwa muke wa Deo.”

Ciza alikuwa anatazama sakafu. Nilitaka kumwambia neno la kumtuliza, na ninajua lingekuwa neno gani. Sikulisema. Niliandika tu tarehe kwenye fishi mpya na kuwaomba watuachie picha zote mbili. Kabla hawajaondoka nilimwandikisha Mama Deo ukoo wote wa mumewe, baba, babu, wake zao na vilima vyao, mpaka alipochoka.

Picha ya Ciza ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja. Nyuma ni ukuta wa matofali na mlango wenye upinde. Kwenye benchi amekaa mwanamke aliyepakata watoto wachanga wawili, kila mmoja kwenye gauni refu jeupe. Kando yake bibi amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu, kiti kizuri kuliko nguo zake. Mwanaume wa koti amesimama nyuma ya benchi. Mbele yupo msichana wa miaka kama kumi, ameshika mshumaa kwa mikono miwili na amekunja uso. Na kushoto kabisa, ukingoni, lipo bega la mwanaume na mkono wake hadi kwenye vidole. Uso umekatwa.

“Huyu mupiga picha alikuwa na haraka ya kwenda kunywa,” Mzee Kasimu akasema.

Magauni meupe na mshumaa vilisema ubatizo. Watoto wawili, mama anayeitwa Mama Bukuru, na binti anayeitwa Ciza: hao wachanga ni pacha waliomtangulia, na Ciza mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Hivyo kwa nusu saa tulikuwa tumepata mengi, na hakuna hata moja lililojibu swali.

Ni Mzee Kasimu aliyepata njia. Aligeuza picha, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake uliokatwa meno meno, kama picha zote za zamani. Akaenda, akarudi. Akaniambia nipitishe wangu. Kila baada ya meno machache palikuwa na jino fupi.

“Hii ni mashini yangu ya kukatia,” akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira. “Jino lilivunjika, sikupata lingine. Picha hii imetokea kwangu.”

Studio yake, kumbe, ilikuwa ikisafisha pia filamu za mpiga picha mmoja aliyezunguka parokia za milimani siku za Jumapili. Marehemu sasa. Alikuwa na parokia tatu tu, na Mzee Kasimu alikumbuka kwamba moja kati ya hizo kanisa lake lina milango ya upinde, kwa sababu mteja yule alikuwa akilalamika kila wiki kwamba upinde unamlia mwanga.

Nilipanda huko na dereva wa ofisi, asubuhi ya siku ambayo njia ilikuwa imefunguliwa. Mlango ulikuwa uleule wa upinde, umetobolewa na risasi upande mmoja. Padre alinitolea vitabu vya ubatizo vilivyovimba kwa mvua. Nilipindua kurasa moja moja kwa kisu cha siagi, maana kwa vidole zilikuwa zinachanika. Karibu na saa sita nikawakuta: Bukuru na Butoyi, siku moja. Baba, Bonifasi. Mama, Anjelina. Baba wa ubatizo, Paskali, mwalimu.

Dereva aliposikia alipiga makofi. “Basi mama, turudi tuwaambie! Alikuwa parrain tu!”

Kama ningekuwa bado daktilo, ningerudi. Lakini kitabu kilisema Paskali ni baba wa ubatizo. Hakikusema kwamba si binamu wa Bonifasi, na watu wengi huchagua ndugu kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo, kitabu kilizungumza juu ya pacha. Nilitafuta ubatizo wa Ciza katika miaka iliyofuata. Kitabu cha miaka hiyo hakikuwepo. Kiliungua pamoja na sakristia. Juu ya Ciza mwenyewe hapakuwa na karatasi duniani. Alihitajika mtu.

Nilimuuliza padre kama kuna waliobaki wa kilima cha Bonifasi. Akasema wengi walikimbilia Tanzania na sasa wameanza kurudi. Baadhi yao wamelala kwenye madarasa ya shule, wakingoja kujenga. Nikaenda huko. Sikutaja jina lolote. Nilipita darasa kwa darasa na picha sita mkononi: ya Ciza, ile ndogo ya Mama Deo, na nne za watu wasiohusika.

Katika darasa la tatu palikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anachambua maharage kwenye ungo. Nikampangia picha sita juu ya mkeka, nikakaa. Akazitazama, akaweka ungo chini.

“Nani amewapa hii?”

Sikujibu. Mwanamke akachukua picha ya ubatizo, akaweka kidole kwenye mshumaa.

“Mshumaa huu uliniunguza,” akasema, akanionyesha kovu kwenye kidole gumba. “Huyu ni mimi. Minani. Walinikataza kuutoa mkono mpaka picha ipigwe. Huyu ni mama yetu. Huyu ni Anjelina, mke wa kaka yangu, na watoto wake Bukuru na Butoyi. Huyu ni Mwalimu Paskali.” Akachukua ile ndogo ya studio bila kuambiwa. “Na huyu ni yeye tena. Hawa wengine siwajui.”

“Mwalimu Paskali alikuwa nani kwenu?”

“Mgeni. Mtu wa kule ziwani. Alifundisha na kaka shule moja. Aliugua malaria mwaka aliofika, kaka akamleta nyumbani, mama akamnywesha maziwa mpaka akapona. Akatuletea ndama kushukuru. Kwa hiyo wakawa marafiki, wa kupeana ng’ombe, siyo wa kusalimiana tu. Pacha walipofikisha mwaka alihamishwa, akarudi kwao. Kaka alimsindikiza mpaka barabarani. Sikumwona tena.”

“Na baada ya pacha?”

“Alizaliwa mmoja, wa kike. Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka. Tulivuna mtama mara mbili, ndipo akazaliwa. Kaka akafa kwa tumbo mwaka uliofuata.” Akavuta ungo karibu. “Unajua mwenyewe anavyoitwa mtoto wa baada ya pacha.”

Nilimwambia kwamba Ciza yuko Bujumbura, ni fundi wa kushona, na kwamba amechumbiwa. Minani hakupiga kelele wala kulia. Alifunika maharage kwa kitambaa, polepole, pembe zote nne. Kisha akauliza swali la shangazi: “Na upande wa bibi harusi amesimama nani?”

Jioni hiyo, pamoja na wazee wawili wa kilima, tulichora ukoo wa Bonifasi na wa Anjelina kwenye ubao wa darasa, vizazi vitatu kwenda juu. Niliunakili, nikaulinganisha na ule niliouandika kwa mdomo wa Mama Deo. Nilitafuta mahali pa kukutana kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Hapakuwa na kilima kimoja, wala ukoo mmoja, wala mke aliyetoka huku kwenda kule. Asubuhi Minani alipanda gari letu, amevaa viatu vya kuazima.

Harusi ilifungwa Ruziba kabla ya mvua, nami nilikuwepo, na Minani alikaa pale anapokaa shangazi. Hayo yamo kwenye fishi. Yasiyomo ni yale yaliyopita garajini siku tuliyowaita.

Nilieleza jibu kwanza kwa kifupi, mbele ya wote: hakuna damu. Kisha nikaeleza kwa urefu, nikionyesha mistari. Mama Deo aliifuata mistari kwa kidole mpaka mwisho, kisha akajifunga upya kitenge chake na kupumua. Mama Furaha alianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Ciza alikuwa amekwisha kumkumbatia shangazi yake na alikuwa bado amemshika mkono, lakini hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anatazama picha.

“Sasa baba yangu ni yupi?”

Mimi nilikuwa nimelijua jibu tangu juzi, na kwa siku mbili nilitafuta namna ya kulisema. Minani hakutafuta. Aliweka kidole chake chenye kovu juu ya bega lililoko ukingoni.

“Huyu.”

“Uso hauko?”

“Hauko.”

Ciza akamgeukia Mzee Kasimu. Alitaka kujua kama filamu yenyewe ipo, kama pengine juu ya filamu mtu yupo mzima. Mzee Kasimu akavua kofia. “Binti yangu, niliiweka miaka yote. Iliungua na zingine.” Sikuwahi kumwona akivua kofia ofisini, wala sikumwona tena.

“Alikuwa pale pale,” Minani akasema. “Mama alikuwa hawezi kukaa kwenye benchi, mgongo ulikuwa unamuuma. Kaka akakimbia kwa padre kuazima kiti. Ndiyo hiki, cha mgongo mrefu. Alipofika akimkalisha mama, yule mtu wa picha hakungoja. Kaka alicheka. Alisema si neno, atapiga nyingine kwenye ubatizo wa atakayefuata.”

Atakayefuata alichukua lupu, akatazama mkono ule kwa muda mrefu: vidole, kucha, pindo la mkono wa shati lililokunjwa. Sisi tulikaa kimya. Mzee Kasimu alikuwa amenifundisha vizuri.

Kisha akasema, bila kumwelekea mtu, “Miaka yote nilikuwa nikimwombea huyu mwingine. Nilikuwa nikimuaga kila nikilala. Nimekuwa nikimwita baba mtu wa wenyewe.”

Nilidhani Mama Furaha angejitetea, kwa kuwa kosa lilianzia kwake. Alikuwa ameinamisha kichwa. Aliyejibu ni Mama Deo. Alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

“We, nisikilize. Hukukosea kitu. Mutu aliyezaa bwana yako utamwita nani, kama si baba? Ulimwita mbele ya wakati, basi. Endelea kumwita vilevile. Na yule mwenye kiti, tutamuombea sote wawili, mi na we.”

Ciza akaitikia kwa kichwa. Mama Furaha akajipangusa macho kwa kitambaa chake cha sokoni, akauliza kwa sauti ndogo kama mwenye mchumba amekwisha kuambiwa. Tukatazamana. Deo alikuwa langoni tangu saa mbili asubuhi, ameegemea ukuta, na kati yetu sote hakuna aliyemkumbuka.

Nilitaka kumtuma dereva. Ciza akasimama, akaweka lupu mezani, akasema ataenda mwenyewe. Tulisikia hatua zake kwenye changarawe, mwanzo za kutembea, halafu si za kutembea tena. Sikutoka kutazama. Nilikuwa na fishi ya watu saba mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu niingie garaji lile, kila mstari ulikuwa na jina la kuandikwa.